Mchezo wa Saba Nimeukubali

Ipo methali moja ya Kiswahili ambayo, kama ningekuwa na mamlaka, ningeipa likizo ya miaka kumi. Ni ile isemayo asiyekubali kushindwa si mshindani. Sina ugomvi na wazee walioitunga. Ugomvi wangu ni na wanaoitumia. Wameifanya kuwa kama shuka la hospitali, linalofunika kila aliyelala. Mtu ameshindwa kihalali, anafunikwa nalo. Mtu ameonewa, anafunikwa nalo. Mtu ameuliza swali dogo la hesabu, anafunikwa nalo hadi usoni, kisha watu wanaondoka zao wakipangusa mikono.

Mimi nimefunikwa kwa zaidi ya miaka ishirini, na leo nataka kulifunua. Ni shabiki wa Sacramento Kings, timu ya mpira wa kikapu ya ule mji ulio makao makuu ya jimbo la California. Kings maana yake ni wafalme, ingawa taji lao la mwisho walilivaa mwaka 1951, wakiwa bado katika mji wa Rochester, upande wa pili wa nchi, na wakiitwa Royals. Najua msomaji wangu uliyezoea Simba na Yanga utacheka kusikia mtu mzima wa Tanga anakosa usingizi kwa ajili ya Wamarekani warefu wasiomjua hata kwa jina. Cheka tu. Ila nawe jiulize ni mchezaji yupi wa timu yako anayekujua kwa jina.

Nilifika mji ule mwaka 1998. Nilikwenda kwa masomo, ada ikanizidi kimo, nikaingia kazini katika nyumba moja ya kutunzia wazee, zamu ya usiku. Ligi ya NBA mwaka ule ilichelewa kuanza hadi Februari 1999 kwa sababu ya mgogoro kati ya wenye timu na wachezaji wao, na ilipoanza, timu ile iliyohamia Sacramento mwaka 1985, na ambayo tangu hapo haikuwahi kumaliza msimu hata mmoja ikiwa na ushindi mwingi kuliko vipigo, ilianza kucheza mpira ambao sijauona tena mpaka leo. Alikuwapo Chris Webber, alikuwapo Vlade Divac kutoka Serbia, mtu mrefu mwenye ndevu ambaye raha yake haikuwa kufunga bali kumpasia mwenzake anayekatiza mbele ya kikapu. Akaja kushika nafasi kijana mwingine Mserbia, Peja Stojakovic, mlengaji wa kutoka mbali. Mpira ulikuwa unazunguka mikono mitano kabla hujajua upo wapi. Mwaka 2001 jarida la Sports Illustrated liliwaweka kwenye jalada lake. Mji mzima uliokuwa ukidharauliwa na Los Angeles kuwa ni mji wa wafuga ng'ombe ukajibu dharau hiyo kwa kwenda uwanjani na kengele za ng'ombe, kengele hasa, na kuzigonga nyuma ya kocha wa Lakers, Phil Jackson, ambaye aliwahi kuwaita watu wa huko kuwa wamestaarabika nusu. Mimi niliyekulia karibu na Wamasai wanaopita na mifugo yao sikuona tusi lolote katika kengele ya ng'ombe. Nilinunua yangu.

Sasa twende mwaka 2002, maana ndiko kwenye kesi.

Msimu ule Kings walishinda michezo 61 na kupoteza 21, rekodi bora kuliko timu yoyote katika ligi. Katika fainali ya kanda ya Magharibi walikutana na Los Angeles Lakers, mabingwa wa miaka miwili mfululizo, timu ya Shaquille O'Neal na Kobe Bryant. Kwa asiyefahamu utaratibu: timu hizo hukutana hadi mara saba, na ya kwanza kufikisha ushindi wa mara nne ndiyo inayosonga mbele. Mshindi wa pambano lile angekutana na New Jersey Nets, na kila mtu alijua kwamba fainali yenyewe ingekuwa sherehe tu. Ikawa hivyo; Lakers waliwafunga Nets michezo minne kwa sifuri. Ubingwa wa dunia wa mwaka ule ulichezwa kati ya Sacramento na Los Angeles.

Lakers walishinda wa kwanza, Kings wakashinda wa pili na wa tatu. Mchezo wa nne, Jumapili ya Mei 26, ulikuwa Los Angeles. Kings waliongoza hadi kwa pointi 24 katika nusu ya kwanza. Kabla tu ya mapumziko mchezaji mmoja wa Lakers alirusha mpira wa kubahatisha kutoka katikati ya uwanja, ukaingia, ukahesabiwa pointi tatu. Mkanda wa televisheni ulionyesha wazi kwamba saa ilipofika sifuri mpira ulikuwa bado mikononi mwake. Mchezo ukaisha 100 kwa 99, Lakers juu, kwa mtupo wa Robert Horry uliotoka mkononi mwake sekunde ya mwisho kabisa. Chukua 100, toa tatu. Mtoto wa darasa la pili anaweza.

Na mchezaji yule aliyerusha aliitwa nani? Samaki. Naapa. Samaki Ijuma Walker, mzaliwa wa Ohio, mmoja wa watoto wa kizazi kile cha Wamarekani weusi waliopewa na wazazi wao majina ya Kiswahili. Katika nchi nzima ya watu zaidi ya milioni mia mbili na themanini, mtu wa kuniumiza ilibidi awe na jina ambalo mama yangu angeweza kulitamka vizuri kuliko mtangazaji. Rafiki yangu wa Mombasa, shabiki mkubwa wa Lakers niliyekuwa nikifanya naye kazi zamu moja, aliimba jina hilo korido nzima usiku ule. Samaki wa Ijumaa, kaliwa Jumapili! Wazee walidhani anawatangazia chakula.

Lakini nisikilize hapa, maana ndipo hoja yangu ilipo. Lile tukio la Samaki ndilo pekee katika pambano lote ambalo halina ubishi. Hakuna shabiki wa Lakers mwenye akili timamu atakayeniambia mpira ulitoka kwa wakati. Na matokeo yake? Msimu uliofuata, wa 2002/03, ligi ilianza kuwaruhusu waamuzi kutazama marudio ya televisheni kwa mitupo ya mwisho wa robo. Halikuwa tukio hilo peke yake. Mchujo wa mwaka ule ulikuwa na mengine ya namna hiyo. Lakini lilikuwamo. Malalamiko yalikuwa mahsusi: mtupo huu, sekunde hii, mkanda huu hapa. Na wakubwa wa ligi, ambao si watu wepesi wa kukiri jambo, walibadili kanuni. Waliolalamika hawakuambiwa kwamba si washindani. Au waliambiwa, lakini hawakunyamaza.

Mchezo wa tano Kings walishinda nyumbani, 92 kwa 91, kwa mtupo wa Mike Bibby zikiwa zimebaki sekunde nane hivi. Haki ya Mungu nitaje na la upande wa pili: katika mchezo huo O'Neal alitolewa kwa faulo sita, na Lakers wanashikilia hadi leo kwamba mpira uliotoka nje muda mfupi kabla ya mtupo ule wa Bibby ulimgusa Webber mwisho, kwa hiyo ulikuwa wao. Yawezekana kabisa. Hilo nalo liandikwe.

Halafu ukaja mchezo wa sita, Ijumaa ya Mei 31, Los Angeles. Kings walikuwa wanahitaji ushindi mmoja tu.

Katika robo tatu za kwanza Lakers walipewa mitupo huru 13. Katika robo ya nne, yaani dakika 12 peke yake, walipewa 27. Kings katika robo hiyohiyo walipewa tisa. Divac alitolewa kwa faulo. Scot Pollard, aliyeingia kumsaidia kumzuia O'Neal, naye akatolewa kwa faulo. Sekunde zikiwa zimebaki chache na Kings wakiwa nyuma kwa pointi moja, kiwiko cha Bryant kilimpata Bibby puani akaanguka chini akitoka damu, na kiwiko hicho hakikupigiwa filimbi. Lakers walishinda 106 kwa 102.

Hayo ninayoyasema si ya kishabiki. Ralph Nader, yule wakili maarufu wa kutetea haki za walaji, ambaye miaka miwili nyuma alikuwa amegombea urais wa Marekani, alimwandikia barua kamishna wa ligi, David Stern, akitaka uamuzi wa mchezo ule uchunguzwe. Hakuwa shabiki wa kengele za ng'ombe huyo. Aliona hesabu tu.

Mpaka hapo mashabiki wenzangu wa Kings wananipigia makofi. Sasa watanitukana.

Maana mashabiki wenzangu wamelifanya neno "tuliporwa" kuwa dini. Ukikutana nao leo, hata wale waliozaliwa baada ya 2002, watakwambia habari za mchezo wa sita kana kwamba pambano liliishia hapo. Halikuishia hapo! Baada ya mchezo wa sita matokeo yalikuwa matatu kwa matatu. Mchezo wa saba ulichezwa Jumapili ya Juni 2, na ulichezwa wapi? Nyumbani kwetu, Arco Arena, watu 17,317 wakiwa wamejaa mpaka kwenye ngazi, kengele zikilia hata usisikie unachofikiri. Ndiyo faida waliyoipata kwa ile michezo 61 waliyoshinda msimu mzima. Na Kings wakashindwa, 112 kwa 106, katika dakika za nyongeza.

Siku ile walipewa mitupo huru 30. Wakafunga 16.

Ngoja nieleze mtupo huru ni kitu gani kwa asiyeutazama mchezo huu. Ni mtu mmoja amesimama kwenye mstari, mita nne na nusu hivi kutoka kwenye kikapu. Hakuna anayemkaba. Hakuna anayeruhusiwa kumgusa. Saa ya mchezo imesimama. Ana sekunde kumi za kupumua, kudunda mpira, kumkumbuka mama yake, kisha anarusha. Mtoto wa shule ya sekondari anayefanya mazoezi kwa bidii hufunga saba katika kumi. Wataalamu wale, wanaolipwa mamilioni ya dola, walikosa 14 katika 30, nyumbani, mbele ya watu wao, mbele ya kikapu wanachofanyia mazoezi kila siku. Mitupo ya pointi tatu walirusha 20, wakafunga miwili. Dakika 48 za kawaida ziliisha wakiwa sare 100 kwa 100. Mmoja tu, msomaji wangu. Mmoja zaidi katika ile waliyokosa kabla ya kengele ya mwisho, na historia ya mji ule ingekuwa nyingine. Na O'Neal, yule ambaye dunia nzima ilikuwa inamcheka kwa kutojua kupiga mitupo huru, siku ile alifunga 11 katika 15.

Katika nyumba ile ya wazee alikuwapo babu mmoja aliyekuwa amefundisha mpira wa kikapu katika shule za sekondari kwa miaka mingi. Mkono wake wa kulia ulikuwa umepooza. Mchezo mzima wa saba aliutazama akiwa na penseli katika mkono wa kushoto, akichora vijiti kwenye nyuma ya karatasi ya ratiba ya dawa: kijiti kwa kila mtupo huru ulioingia, mviringo kwa kila uliokosa. Wenzake walikuwa wanapiga kelele juu ya marefa, juu ya Jackson, juu ya Bryant. Yeye hakutamka neno. Mchezo ulipoisha alinipa karatasi ile bila kunitazama usoni, akaomba arudishwe kitandani. Niliihesabu miviringo mara mbili. Siku mbili baadaye mwanawe alikuja kumsalimia, akaanza, kama ilivyokuwa desturi ya mji ule wiki ile, kulaani mchezo wa sita. Babu akamkatiza akamuuliza ni refa gani aliyemshika mkono mchezaji kwenye mstari wa mtupo huru. Kijana hakuwa na jibu. Lakini mzee yule hakuishia hapo, na ndiyo maana namheshimu. Rafiki yangu wa Mombasa alipodakia kwa furaha kwamba basi mchezo wa sita haukuwa na neno, babu alimgeukia na kumwambia kwamba mchezo wa sita ulikuwa aibu. Yote mawili kwa pumzi moja, na hakuona shida yoyote.

Hicho ndicho ninachowadai mashabiki wenzangu na hawataki kukitoa. Wao wanaona wakikubali mchezo wa saba wameusamehe wa sita. Kinyume chake ndicho cha kweli. Anayelalamikia kila kitu hasikilizwi kwa lolote. Ukienda kwa mwenyekiti wa mtaa kudai mbuzi wako aliyeibiwa, halafu ukaongeza na kuku waliokufa kwa kideri kwamba nao waliibiwa, hata mbuzi hutampata. Kings walionewa siku ya Ijumaa, wakajishinda wenyewe siku ya Jumapili. Ni mambo mawili, siku mbili, miji miwili. Anayeyachanganya ndiye anayewapa watu wa ile methali nafasi ya kusema: mnaona, hawa hawakubali kushindwa.

Na neno lenyewe, kuporwa, ni neno baya kwa kazi tunayotaka ifanye. Uporaji unadai mporaji. Ukilitamka unatakiwa umtaje mtu, useme alinuia nini, alilipwa na nani, lini. Hatuna hayo. Tunacho kitu kidogo zaidi na chenye nguvu zaidi: makosa yanayoonekana kwenye mkanda. Mtupo wa Samaki ulibadili kanuni bila mtu yeyote kuthibitisha kwamba mwamuzi alinuia ubaya. Kukosea kulitosha. Lakini mashabiki hawapendi kukosea. Kukosea hakuna utamu. Wanataka njama, wanataka chumba chenye moshi wa sigara na wazee wanaogawana ubingwa kama keki ya harusi.

Chumba hicho walidhani wamekipata mwaka 2008. Mwamuzi mmoja wa NBA, Tim Donaghy, alikuwa amekiri mahakamani mwaka 2007 makosa ya kuhusika na kamari katika michezo, ikiwamo aliyoichezesha mwenyewe, na Julai 2008 alihukumiwa kifungo cha miezi 15. Kabla ya hukumu wakili wake alipeleka mahakamani barua iliyodai kwamba katika pambano moja la mchujo wa 2002 waamuzi wawili waliupendelea upande mmoja katika mchezo wa sita ili pambano lifike mchezo wa saba. Timu hazikutajwa. Lakini mwaka ule pambano lililofika mchezo wa saba lilikuwa moja tu. Sacramento ililipuka. Simu yangu haikupumzika.

Nami nilisema wakati ule, na nasema tena, kwamba neno la mtu anayesubiri hukumu na anayetafuta huruma ya hakimu ni neno la kupimwa kwenye mizani ya duka la dhahabu. Ligi ilikanusha. Uchunguzi ulioagizwa na ligi yenyewe, uliotolewa Oktoba 2008, haukumkuta mwamuzi mwingine na hatia ya namna ile. Mashabiki wenzangu watasema, nani aliyelipa wachunguzi? Swali halali. Lakini halali hiyohiyo inamhusu na Donaghy. Mimi sihitaji ushahidi wake. Ishirini na saba ninayo bila yeye.

Kuna wengine bado sijawagusa, nao ndio wanaonichosha kuliko wote. Hawa hawana methali wala njama. Wanakutazama kwa huruma na kukwambia: lakini ni mchezo tu. Wengi wao ni watu wema, na baadhi ni ndugu zangu. Dada yangu aliniambia hivyo kwa simu kutoka Tanga wiki ile ile ya Juni, na kwa kuwa ni mkubwa wangu nilimjibu ndiyo dada, nikakata simu nikakaa gizani.

Mchezo tu? Kama ni mchezo tu, mbona serikali ya Marekani ilimfunga mwamuzi? Mbona mji wa Sacramento ulitoa zaidi ya dola milioni 250 za umma kuchangia uwanja mpya uliofunguliwa mwaka 2016, na haukufanya hivyo kwa kupenda majengo bali kwa sababu timu ilikuwa inahamishwa? Maana hilo ndilo lililofuata baada ya 2002. Webber aliumia goti mwaka 2003 na hakurudi kuwa yule. Timu ikafumuka. Kuanzia mwaka 2007 ilikosa mchujo misimu 16 mfululizo, ambayo hakuna timu nyingine ya NBA iliyowahi kuifikia, hadi ilipojikongoja kurudi mwaka 2023. Katikati ya ukame huo, mwaka 2011, wenye timu walitaka kuipeleka Anaheim. Mwaka 2013 ilikuwa karibu kuuzwa ikaishie Seattle, na wenye timu za ligi walipopiga kura, 22 walikataa isihamishwe na wanane walikubali. Watu wa mji walikuwa wamesimama barabarani na mabango. Manesi wa nyumba yetu, wengine Wafilipino, wengine Wamexico, walichangishana. Mimi siwezi kusema kwamba ubingwa wa 2002 ungezuia yote hayo. Lakini timu yenye taji haiuzwi kirahisi kama isiyo nalo, na mtu anayeniambia ni mchezo tu anipe kwanza hesabu ya mchezo mwingine unaojenga na kubomoa kiasi hicho. Arco Arena yenyewe ilibomolewa mwaka 2022.

Ninayemdai zaidi, hata hivyo, si dada yangu wala mashabiki wenzangu. Ni ligi. Msomaji, angalia jinsi ilivyojifunza polepole. Mwaka 2002 ilikubali kwamba macho ya mwamuzi yanaweza kukosea saa ikifika sifuri. Ikachukua miaka mingine 13, hadi Machi 2015, ndipo ilipoanza kutoa hadharani ripoti ya maamuzi ya dakika mbili za mwisho kwa michezo inayokaribiana: filimbi hii ilikuwa sahihi, ile haikuwa, na hapa ilipaswa kupigwa na haikupigwa. Waamuzi waliichukia, wakisema inawaaibisha. Makocha wengine waliichukia pia, wakisema haibadilishi matokeo. Ni kweli haibadilishi matokeo. Sikuomba matokeo yabadilishwe. Kombe la 2002 lipo Los Angeles na libaki huko. Wale waliofunga mitupo yao huru walistahili kulibeba kuliko wale waliokosa 14.

Rafiki yangu wa Mombasa, ambaye sasa ana wajukuu na bado hajaacha kuniudhi, huniuliza kila mwaka ifikapo mwisho wa Mei ninataka nini basi, kama si kombe. Ninataka karatasi. Ninataka waifanyie robo ya nne ya Mei 31, 2002 kile wanachokifanyia sasa mchezo wa kawaida wa Jumanne ya Januari: wakae na mkanda, wapitie filimbi moja baada ya nyingine, waandike sahihi au si sahihi mbele ya kila moja, wachapishe. Wakiona kwamba mitupo huru yote 27 ilistahili, nitaisoma karatasi hiyo kwa sauti mbele ya shabiki yeyote wa Kings atakayekubali kukaa chini. Wengi wa waliocheza siku ile wamekwisha kustaafu. Bryant amefariki, Mungu amrehemu, katika ajali ya helikopta mwaka 2020. Hakuna wa kuaibishwa tena ambaye hajaaibishwa. Na ripoti zao za sasa ni za dakika mbili tu za mwisho. Robo ile ilikuwa na dakika 12, kwa hiyo waanze na zile kumi za mwanzo.